Akiba ya uzeeni kwa mwenye biashara ndogo Kenya: ipi ununue kwanza?

Kila Juni meza yangu hapa Mombasa hujaa wateja wa dakika za mwisho. Marejesho hayajaingia iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi KRA, na tarehe 30 inabisha hodi. Katikati ya risiti zilizokunjamana hutoka swali lilelile: "Sasa hii ya uzeeni niweke wapi?" Nami huwauliza, unalipa kodi gani? Wengi hudhani nakwepa kujibu.

Sikwepi. Bei halisi ya pensheni hujui mpaka ujue kodi yako. Tangu 27 Desemba 2024, mchango wa pensheni iliyosajiliwa unatolewa kwenye mapato kabla hayajatozwa kodi, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 20,000. Kiasi hicho kisizidi asilimia 30 ya mapato yako, na mchango wako wa NSSF umo ndani yake. Aliye kwenye ngazi ya asilimia 30 akiweka 20,000, kodi yake inapungua 6,000. Yaani amenunua ya 20,000 kwa 14,000.

Lakini punguzo hilo ni la anayelipa kodi ya mapato. Anayelipa kodi ya mauzo, ile TOT ya asilimia 3 kwa wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, hapati hata ndururu. TOT inahesabiwa kwenye mauzo ghafi. Haijali kodi ya pango, mshahara wa kijana wa dukani wala pensheni yako. Nimeona mawakala wakiwauzia wenye maduka pensheni kwa ahadi ya "kupunguza kodi", na mwenye duka yuko TOT miaka yote.

Kwa hiyo orodha yangu ina vichwa viwili.

Kwa anayelipa kodi ya mapato, namba moja ni mpango binafsi wa pensheni. Hawa ni wanasheria, wahandisi, washauri na wataalamu wengine ambao ada zao hazimo TOT, pamoja na wenye kampuni wanaojilipa mshahara. Hapa sina mjadala. Ukifikisha umri wa kustaafu, au ukitimiza miaka 20 kwenye mpango, mafao hutoka bila kodi. Ukiyatoa mapema, kodi inakusubiri mlangoni. Kabla ya kutia sahihi, hakikisha mpango umesajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA. Kisha uliza ada zote kwa mwaka ni asilimia ngapi ya akiba yako, na riba waliyowapa wanachama miaka mitano iliyopita, mwaka kwa mwaka. Wakala akikuonyesha mwaka mmoja tu ulionona, funga faili.

Kwa aliye TOT, namba moja yangu ni bondi za miundombinu za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), kwa sababu riba yake haitozwi kodi, uwe TOT usiwe TOT. Bondi za kawaida hukatwa asilimia 15, au 10 zikiwa za miaka kumi na zaidi. Tangu 2023 unafungua DhowCSD, akaunti ya Benki Kuu ya kununulia bondi, kwa simu, bila kumlipa mtu wa kati. Andaa laki moja, na uvumilie, kwani bondi hizi hazitolewi kila mwezi. Ile ya Februari 2024 ilitoa asilimia 18.46 na watu wakaifanya kipimo. Isahau, riba zimeshuka tangu hapo. Riba hulipwa kila miezi sita, na hapo ndipo penye mtego: ikiingia benki, inaliwa. Irudishe kwenye bondi nyingine.

Wapo ambao wangefaa kutoka TOT kabisa. Chukua muuza mchele wa jumla pale Kongowea. Anauza 300,000 kwa mwezi, faida 40,000. TOT yake ni 9,000. Akihamia kodi ya mapato, kwa faida hiyo atalipa kama 4,400. Akiweka 12,000 kwenye pensheni, kodi inabaki 1,000. Nilirudia hesabu hii mara tatu nisiamini macho yangu. Lakini mwenye saluni anayeuza hizohizo 300,000 akabaki na 80,000 asithubutu kuhama: kodi ya mapato ingekuwa zaidi ya 16,000, na hata akiweka pensheni ya 20,000 bado atalipa zaidi ya 10,000. Heri 9,000 yake. Mwenye faida nyembamba ahame, mwenye faida nene abaki. Anayehama amwandikie Kamishna wa KRA, na ajue kwamba tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haihesabiwi. Kama mchele unaununua kwa mtu asiyetoa ankara, hesabu yangu yote hapo juu inaanguka.

Namba mbili, kwa wote, ni sacco. Inakufunza kuweka, na inakukopesha ukikwama. Ila akiba unayoikopea kila Januari kulipia karo usiihesabu kuwa ya uzeeni.

Namba tatu ni mifuko ya soko la fedha (money market fund). Riba hukatwa asilimia 15, na pesa unazipata upesi mno kwa kitu unachotaka kukigusa baada ya miaka ishirini. Ziweke humo za dharura na za kodi unayolipa tarehe 20 ya mwezi.

Anayeshika pesa siku kwa siku, kama mtu wa boda au mama wa mahamri, asisubiri laki ya bondi. Mbao, pensheni ya watu wa kipato kidogo, ilianza 2011 kwa shilingi 20 kwa siku, na mbao mtaani ni shilingi ishirini. Haba Haba ya NSSF inaanzia 25 kwa siku, kwa M-Pesa. Ni kidogo, lakini kwake mipango ya aina hii ndiyo namba moja.

Mwisho kabisa naweka bima ya akiba inayouzwa kama pensheni. Niliwahi kununua moja mwenyewe, nikiwa kijana, kwa wakala mwenye tai nzuri. Mwaka wa tatu nilipotaka kuiacha, nilirudishiwa chini ya nilichoweka. Masharti yalikuwa yameandikwa ukurasa wa kumi na moja. Sasa huanza kusoma kutoka huko nyuma.

Na ploti? Kila mtu ananiuliza ploti. Ukiiuza, KRA inachukua asilimia 15 ya faida yako, na mnunuzi haji siku unayougua.