FTC: kama una kijana wa sekondari, mtafutie timu

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, kama kijana wako anapenda kufungua fungua vitu muingize FIRST Tech Challenge (FTC), mashindano ya roboti zinazotengenezwa na timu za wanafunzi, mimi naipa nyota nne kati ya tano. Mechi ni timu mbili kwa mbili, sekunde 30 za kwanza roboti inajiendesha yenyewe kwa programu walioandika watoto, rimoti haiguswi, halafu dakika mbili madereva wanaendesha. Usikose ukaguzi wa asubuhi, roboti lazima iingie kwenye boksi la inchi 18 kila upande, utakuta watoto wamepiga magoti wanalegeza skrubu mbio mbio kisa mkono wa roboti umezidi kidogo tu. Na mnayepambana naye sasa hivi mechi ijayo anaweza kuwa mwenzenu, ndo maana wanaazimana betri na spana bila kinyongo, hiki ndo kinanifurahisha kuliko hata vikombe. Majaji nao wanawahoji watoto wenyewe sio kocha, binti yangu mpole yule siku hiyo anaeleza gia na vihisi (sensor) vya roboti mpaka raha.

Nyota moja nimetoa kwa sababu ya pesa, vifaa ni ghali kwa kweli, timu isiyo na mdhamini inahangaika. Msimu unaanza Septemba, ulizieni mapema.