Uzoefu wangu na baiskeli ya umeme yenye kihisi cha nguvu ya mguu

Kilichonifurahisha zaidi kwenye baiskeli hii ni kihisi kidogo kilichofichwa kwenye ekseli ya pedali. Kazi yake ni kupima mguu unakandamiza kwa nguvu kiasi gani, ili mota ijue ikusaidie vipi. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina kihisi cha aina nyingine, kinachojua tu kama pedali zinazunguka au zimesimama. Niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa hivyo: unazungusha, kimya, halafu ghafla mota inashika na kukurusha mbele. Barabara ikiwa imenyooka unazoea. Kwenye kona yenye mchanga, au ukiwa nyuma ya mtu anayetembea kwa miguu, inatisha kwelikweli.

Hii inakufuata. Ukikanyaga taratibu, inasukuma taratibu. Ukikaza mguu mlimani, nayo inakaza. Ukiacha, inaacha papo hapo. Mlima ambao nilikuwa nashuka na kukokota baiskeli sasa naupanda nikiwa nimekaa. Jasho linatoka, ila pumzi haikati. Wanaosema baiskeli ya umeme haina mazoezi, naamini hawajaijaribu ya namna hii.

Mota yake iko katikati, palepale kwenye pedali, kwa hiyo nguvu inapita kwenye mnyororo na gia. Ndiyo maana mlimani haisumbuki. Ubaya ni kwamba mnyororo unalika haraka, na ukibadilisha gia huku umekandamiza utasikia chuma kikilia. Legeza mguu kwanza, badilisha, kisha endelea. Mota ni ya wati 250, na msaada unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa, kiwango ambacho Umoja wa Ulaya umekiweka ili chombo kihesabiwe baiskeli ya kawaida. Mimi kinanitosha. Mpenda mbio atakereka, kwa sababu ukivuka hapo unakanyaga peke yako, na chombo chenyewe kina kilo 24.

Kwenye betri ndipo nina lalamiko. Boksi limeandikwa kilomita 100. Betri ni ya volti 36 na ampea-saa 10; zidisha, unapata wati-saa 360, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Kwa mwendo wa kawaida baiskeli kama hizi hula takriban wati-saa 10 kila kilomita, na zaidi ukiwa na mzigo, upepo wa mbele au milima. Hizo ni kilomita 36 hivi, na ndizo ninazozipata. Ile 100 labda aifikishe mtu mwepesi, kwenye tambarare, akiwa ameweka msaada wa chini kabisa. Kuiandika kwa herufi kubwa bila maelezo ni kumhadaa mnunuzi. Ukienda kununua, achana na kilomita za kwenye boksi, uliza wati-saa.

Uliza pia kama imepimwa usalama, kwa mfano kwa kiwango cha EN 15194 au UL 2849. Betri ya lithiamu ikiharibika ndani inaweza kuwaka moto mgumu kuuzima, kwa hiyo natumia chaja iliyokuja nayo tu, na sichaji nikiwa nimelala.

Breki ni za diski, za mafuta. Kidole kimoja kinatosha kuisimamisha hata kwenye mteremko wenye maji. Pancha ya nyuma haina shida, kwani gurudumu halina mota wala waya, unalifungua kama la baiskeli yoyote. Programu yake ya simu nimeifuta. Ilitaka kujua nilipo muda wote hata nikiwasha taa tu, na baiskeli inaenda vilevile bila hiyo.

Kwa mwenye safari fupi za kila siku na milima njiani, naipendekeza bila kusita. Anayeishi ghorofani bila lifti ajaribu kwanza kuibeba ngazi chache pale dukani. Betri inachomoka, lakini hata ukiitoa, uzito unaobaki si wa mchezo.