Simba au Hina kwa mbwa mwekundu?

Mbwa wetu manyoya yake ni mekundu kama udongo wa Moshi, sasa nyumbani tumebaki na majina mawili tu. Simba linamfaa, na kwa sie mashabiki wa Wekundu wa Msimbazi, yaani klabu ya soka ya Simba, timu ya tangu 1936, linagusa moyo kabisa. Ila mtaani ukiita Simba wanakuja mbwa watatu, halafu ukimfundisha "simama" anachanganya, mwanzo wa neno ni uleule!

Hina ni fupi, silabi mbili, halifanani na kaa wala njoo wala simama, na ndo rangi yenyewe ile ya mikononi mwa bibi harusi. Mi nampenda Hina, jana nimemwita mara mbili tu akageuka.