Tulipompima mwanetu vinasaba: majibu yalianzia kwake yakafika kwa babu yake

Mwanangu alijulikana ana usonji kabla hajachomwa sindano yoyote. Daktari wa watoto alikaa naye sakafuni akimtazama anavyopanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, akiitwa hageuki. Usonji hutambuliwa hivyo. Ukiambiwa kuna kipimo cha damu au mate kinachouthibitisha, tunza pesa zako. Kipimo cha vinasaba hutafuta chanzo tu, na kwa watoto wengi hakikioni.

Cha kwanza, cha kupekua kromosomu zote, kilirudi safi. Daktari akayatazama tena yale masikio makubwa ya mwanangu, akavikunja vidole vyake laini, akasema tupime na Frajaili X, hitilafu ya jeni moja inayoweza kuleta usonji, kwa sababu kipimo kile hakiioni. Mzazi, uliza hili mapema. Sisi tulilipa mara mbili.

Damu ilikwenda India. Baada ya wiki tano maabara ikanitumia faili la PDF kwenye simu, basi, hakuna mtu wa kunieleza. Nilifungua nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Kwa hilo siwasamehe.

Daktari ndiye aliyenichorea. Kwenye jeni ya FMR1 kuna herufi za vinasaba, CGG, zinazojirudia. Kwa watu wengi hazifiki 45. Zikipita 200, jeni hubandikwa alama za kikemikali ziitwazo methili na kuzimwa, protini ambayo ubongo unaihitaji isitengenezwe. Ya mwanangu imezimwa. Mimi ninazo 92, ndizo zilizoongezeka kwake.

Miaka miwili nimesikia kwamba nilikula vibaya nikiwa na mimba, mara nimerogwa. Nililia palepale. "Mama, umezaliwa nayo," daktari akaniambia. Dawa ya kuiwasha jeni hiyo haipo. Mazoezi ya kuongea yanaendelea, na juzi ameomba maji kwa mdomo wake.

Kisha daktari akaniuliza habari za baba yangu. Baba akishika kikombe cha chai kinagonga sahani, na akitembea anayumba. Tulisema uzee. Kumbe mwanamume mwenye idadi kama yangu anaweza kufikwa na hayo utu uzimani, na kama anayo, binti zake wote wanayo.

Tuko mabinti watatu. Mdogo wetu anaolewa Desemba. Nilimpigia usiku uleule, na Jumatatu nilimsindikiza kutoa damu. Baba tunampeleka wiki ijayo.