Uzoefu wangu: matabaka ya QGIS kwa Python, kutoka mitaro ya Tandale

Masika yaliyopita vijana wetu walikuwa wanazunguka Tandale, Dar es Salaam, na simu mkononi, wakiandika kila mtaro ulioziba, kila kalavati, kila mahali maji yanapotuama. Jioni mafaili ya CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, yananifikia: la Mtogole, la Pakacha, la Kwa Tumbo, la Sokoni, na kadhalika. Naingiza faili moja moja kwenye QGIS, programu ya kutengenezea ramani, naweka mfumo wa kodineti (namba zinazoonyesha mahali), napaka rangi, nabadilisha jina la tabaka, yaani kundi moja la alama juu ya ramani. Saa moja na nusu imekwenda. Kesho yake vijana wanarekebisha makosa ya jana, naanza upya. Wiki ya pili nikaona hapana, ni lazima nijifunze kuifanya kazi hii kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

QGIS yenyewe nilikuwa naijua. Ni programu ya bure ya chanzo huria, ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, na Python imekuwamo ndani yake tangu 2007. Kwa kikundi kama chetu kisicho na bajeti ya leseni, hilo tu linatosha kuipenda. Nilichokuwa sijui ni kwamba ukibonyeza Ctrl+Alt+P konsoli, dirisha la kuandikia amri za Python, inafunguka palepale chini ya ramani, unaandika mstari, na ramani inakujibu. Huhitaji kusakinisha kitu kingine.

Mwenendo wake ni huu. Unaita QgsVectorLayer na kuiambia unataka tabaka la nukta, mfumo EPSG:4326 (ule wa GPS, unaopima kwa digrii), linalokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Unaongeza safu: jina la mtaa, hali ya mtaro, tarehe. Unaita updateFields, na usiisahau, la sivyo tabaka halizioni safu ulizoongeza. Kisha unasoma CSV mstari kwa mstari, kila mstari unakuwa nukta, na mwishoni QgsProject.instance().addMapLayer inalileta tabaka kwenye ramani. Skripti yangu ya kwanza, yaani amri hizo zote kwa pamoja, haikufika mistari 30.

Niliiendesha, haikutoa kosa lolote, na Tandale ikabaki tupu. Nilikaa mbele ya skrini karibu saa nzima. Nilipobonyeza kitufe cha kusogeza ramani hadi lilipo tabaka, nikajikuta Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Nukta zote za mitaro yetu zilikuwa kule. Sababu ni kwamba sisi tumezoea kutaja latitudo kwanza, -6.79, halafu longitudo, 39.24. QgsPointXY, amri inayotengeneza nukta, inataka x kwanza, yaani longitudo. Nikageuza, nukta zikarudi Tandale isipokuwa mbili zilizoangukia kusini mwa Ethiopia, maana kijana mmoja alisahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Tangu siku hiyo skripti yangu inakataa nukta yoyote iliyo nje ya mipaka ya Dar es Salaam na kunitajia namba ya mstari wenye kasoro. Kwa mkono makosa kama hayo yangenipita kabisa.

Jambo lililoniuma zaidi ni tabaka la kumbukumbu. Siku moja umeme ulikatika, betri ya laptopu yangu ni ya zamani, mashine ikazima. Nilipowasha, jina la tabaka lipo na ndani hamna kitu. Tabaka la aina hiyo linapotea programu ikifungwa, kwa hiyo liandike hapohapo kwenye GeoPackage, faili la kuhifadhia data za ramani, kwa mistari mitatu zaidi ya Python. Sishauri shapefile, aina ya zamani ya faili la ramani, kwa sababu inakata majina ya safu yakizidi herufi 10, na “hali_ya_mtaro” inabaki nusu.

Angalieni pia vipimo. Nilitaka duara la mita 30 kuzunguka kila mahali panapofurika ili nihesabu nyumba zilizomo. Tabaka likiwa kwenye EPSG:4326, ile 30 inasomwa kuwa digrii, na duara moja likafunika kutoka Durban hadi Khartoum. Hamishieni kwanza EPSG:32737, ambayo inapima kwa mita na ndiyo inayotufaa Dar. Na wenye ramani za zamani za mfumo wa kodineti wa Arc 1960 wasizichanganye na za GPS bila kubadilisha mfumo: zinapishana kama mita 300, na Tandale mita 300 ni mtaa mwingine.

Malalamiko yangu? Ukikosea njia ya faili, QGIS hutengeneza tabaka batili na kukaa kimya, hadi wewe mwenyewe uulize kwa amri ya isValid kama tabaka ni zima. Mifano mingi mtandaoni pia ni ya kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2018. Ukiona humo amri ya QgsMapLayerRegistry, achana nayo, haipo tena. Na ujumbe wa makosa ni Kiingereza kitupu, jambo linalowakatisha tamaa vijana ninaowafundisha. Natamani sana tupate mwongozo wa Kiswahili.

Kwa mwenye tabaka moja la kuchora mara moja kwa mwezi, bora abaki na kipanya. Mimi sasa jioni natumia dakika tano, nyingi zikiwa za kupakua mafaili.

Juzi nilimpelekea mama mwenyekiti wa mtaa ramani kwenye laptopu. Aliiangalia kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye skrini. “Mwanangu, hapa nyuma ya msikiti pana kalavati, mbona silioni?” Nikaongeza mstari mmoja kwenye CSV, nikaendesha skripti mbele yake, nukta nyekundu ikatokea chini ya kidole chake.

“Haya,” akasema, akivuta kiti karibu. “Sasa tuanze na la kwa fundi cherehani.”