Ukitaka kuanza kusoma 2000 AD, nunua kipi kwanza?

Toleo la kwanza la 2000 AD lilitoka Uingereza likiwa na tarehe 26 Februari 1977, bei peni 8. Jarida hilo la katuni za kubuni za kisayansi linaendelea kutoka kila wiki, na wingi wake ndio unaomchanganya mnunuzi mgeni. Wengi hukimbilia toleo namba 1, au juzuu ya 1 ya mkusanyo wa Judge Dredd, shujaa mkuu wa jarida, kisha wanashangaa sifa zote zile zilitoka wapi. Hadithi za mwanzo zilikuwa bado hazijakomaa. Kilicholiweka jarida hili hai ni ufundi uliokuja baadaye kidogo: kurasa tano au sita tu kwa wiki, kwa hiyo kila kipande lazima kianze kwa kasi na kikatike pale ambapo msomaji hawezi kuvumilia. Nunua kwanza kitu cha kusoma hadi mwisho. Kitu cha kuweka kabatini kije baadaye.

Namba moja kwetu ni Judge Dredd: The Complete Case Files, juzuu ya 5. Huhitaji kusoma juzuu nne za kabla yake. Inatosha kujua kwamba Dredd ni askari na hakimu kwa wakati mmoja katika jiji la Mega-City One, anakamata na kuhukumu papo hapo, na kwamba anazeeka mwaka mmoja kila mwaka wetu unapopita. Hilo la kuzeeka ni adimu kwa shujaa wa katuni, na ndilo linalowafanya wasomaji wa zamani wasimwache.

Juzuu hii ina hadithi ya “The Apocalypse War” ya 1982, iliyoandikwa na John Wagner na Alan Grant na kuchorwa yote na Carlos Ezquerra. Ina pia “Judge Death Lives” iliyochorwa na Brian Bolland. Humo mna jaji aitwaye Fear, ambaye hufungua kofia yake na kila anayemtazama usoni hufa kwa woga. Anamfungulia Dredd. Dredd anamtandika ngumi moja ya uso hadi mkono unatokea kisogoni. Ni picha moja tu, lakini ukiiona utaelewa kwa nini watu wazima wanaikumbuka tangu utotoni.

Ukurasa huohuo utumie kukagua uchapaji kama unanunua nakala iliyotumika. Mistari ya kivuli ya Bolland ni myembamba kama nywele. Ikiwa imeungana ikawa doa jeusi, iache. Kasoro mbili za mkusanyo huu zijue mapema. Kurasa za katikati zilizokuwa za rangi jaridani zimechapwa nyeusi na nyeupe. Pia kitabu kimefungwa kwa gundi, hivyo picha inayotandazwa kurasa mbili humezwa kwenye mkunjo. Usilazimishe kitabu kulala wazi, gundi itakatika na kurasa zitaanza kuchomoka.

Ya pili ni The Ballad of Halo Jones ya Alan Moore na Ian Gibson, iliyotoka kati ya 1984 na 1986. Kwa asiyependa bunduki, hii ipande iwe ya kwanza. Katika sehemu ya kwanza, safari ya kwenda dukani tu ni hatari ya kutosha kujaza hadithi nzima. Lugha ya mitaani iliyobuniwa humo inachosha kurasa kumi za mwanzo, kisha sikio linazoea. Kuna chapa iliyotiwa rangi kuanzia 2018, lakini sisi tunashauri ile nyeusi na nyeupe, kwa sababu Gibson alipanga kivuli na mwanga wake bila rangi. Ujue pia kwamba hadithi haikumalizwa: zilipangwa sehemu zaidi, zikatoka tatu.

Ya tatu ni The Cursed Earth Uncensored. Dredd anavusha chanjo jangwani hadi upande wa pili wa Marekani. Angalia neno la mwisho la jina. Vipande vinne vilivyokejeli alama za kampuni za vyakula vilifichwa kwa miongo, vikarudishwa katika chapa ya 2016 baada ya sheria ya Uingereza kulegezwa kuhusu kejeli. Juzuu ya 2 ya Case Files haina vipande hivyo.

Nafasi ya nne tunaipa faili za PDF au CBZ (aina ya faili ya kusomea katuni) kutoka duka la wachapishaji wenyewe, Rebellion. Hazina kufuli ya kuzuia kunakili, unazihifadhi popote. Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa zinaweza kupanda hadi namba moja, maana juzuu hizi ni nzito na gharama ya posta inaweza kukaribia bei ya kitabu. Ila soma kwenye tableti ya inchi 10. Kwenye simu maandishi hupungua mno, na kuvuta picha kila mara huua mwendo wa hadithi.

Matoleo ya zamani yenyewe tunayaweka mwisho. Omba picha za kurasa za katikati, ndizo huchomoka kwanza kwenye pini. Uliza kama kuponi iliyochapwa ndani imekatwa. Namba ya nyumba kwa penseli kwenye jalada ni alama ya muuza magazeti ya kujua nakala ipelekwe wapi, haiharibu usomaji ila hupunguza bei. Toleo namba 1 likiwa na karatasi nyeupe pe, si la 1977. Karatasi ile ya gazeti huwa imekwishageuka kahawia pembeni. Kisahani cha plastiki cha kurusha kilichotolewa bure nalo mara nyingi hakipo, kwa hiyo usilipe bei ya seti kamili kabla ya kukiona. Pwani, unyevu hushika pini kutu na doa likaenea: tumia mifuko ya poliesta, siyo ya plastiki ya PVC, ambayo hunata kwenye wino.