Seti ya presha ya mshale kwa mwanafunzi wa uuguzi: ijaribu kabla ya kulipa

Mwanafunzi wa uuguzi anayejiandaa kuingia wodini hushawishika kununua mashine ya presha ya betri, kwa kuwa inasoma yenyewe. Aiache kwanza. Kwenye mtihani wa vitendo namba pekee haitoshi: msimamizi anataka kukuona ukipapasa mapigo ya kifundo cha mkono, ukijaza hewa hadi milimita 30 za zebaki (kipimo cha presha) zaidi ya pale yalipopotelea, kisha ukifungua vali na kusikiliza. Kwa kazi hiyo seti hii ya mshale inafaa: geji (saa ya mshale inayoonyesha presha), kafu ya nailoni ya kufunga mkononi, mpira wa kupulizia na stetoskopu ya mirija miwili, vyote kwenye mfuko wa zipu.

Geji ikaguliwe dukani. Hewa ikiisha yote, mshale ulale kwenye sifuri. Geji yenye kijipini kinachouzuia mshale hapo usiichukue, maana hata ikiharibika itaonekana nzima. Kisha zungushia kafu kwenye chupa ngumu, funga vali, jaza hadi 200, subiri dakika moja. Mshale ukishuka zaidi ya 4, inavuja, na aghalabu ni vali au maungio ya mpira. Vali inayokwama nayo ni kero: mshale unatakiwa ushuke milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukiporomoka, sauti ya kwanza, inayokupa namba ya juu, imekupita.

Kafu ndipo seti inapopwaya. Huja moja tu, ya mtu mzima wa wastani, ilhali mpira wa hewa ulio ndani yake unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Kwenye mkono mnene itapandisha namba isivyo kweli, na kliniki ya wajawazito, ambako 140/90 hubadilisha mpango mzima wa mama, kosa hilo si dogo. Kwenye mkono mwembamba itashusha. Nunua kafu kubwa ya ziada, na uhakikishe mrija wake unaingia kwenye geji yako.

Stetoskopu inasikika vizuri kuliko inavyoonekana, ila mirija yake ikigusana hukwaruza, na sikio geni hudhani ni mapigo. Ibane pamoja kwa plasta. Kichwa kina pande mbili: gonga diaframu (upande wa utando mpana) kwa kidole kabla ya kumwekea mgonjwa, na ukisikia kimya, kizungushe. Nyingi zinazoitwa mbovu zimegeuziwa upande tu.

Tena, geji hii ina mistari ya 2 kwa 2, haina ya 125 wala 75. Anayeandika 125/75 kwenye chati amejitangaza mwenyewe kwamba amekisia.

Kila miezi 6 ilinganishe na geji iliyohakikiwa ya maabara ya stadi (chumba cha mazoezi ya vitendo chuoni), kwa kiungio cha mirija mitatu, kwenye 50, 100, 150 na 200. Tofauti ikizidi 3, ipeleke kwa fundi wa vifaa tiba. Ikianguka sakafuni, usisubiri miezi hiyo ifike.